Kufundisha uendelevu shuleni: bendera ya kijani, takwimu, wazee, au macho mawili?

Shule inayotaka kufundisha uendelevu kwa dhati ina njia nne kubwa mbele yake, na kila njia ina watetezi wanaozungumza kana kwamba zile tatu nyingine hazipo. Ya kwanza ni mpango wa shule nzima wenye hatua na tuzo. Ya pili ni sayansi na takwimu: kupima, kuchora grafu, kuelewa jinsi mifumo inavyofanya kazi. Ya tatu ni kujifunza kutoka kwa jamii asilia, yaani watu walioishi na ardhi, mto au bahari fulani kwa vizazi vingi na kurithishana maarifa yake. Ya nne inajaribu kuunganisha ya pili na ya tatu bila moja kuimeza nyingine.

Niseme mapema ninakoegemea. Njia ya nne ndiyo naiona bora pale inapowezekana, lakini haiwezekani kila mahali, na shule inayojifanya inaiweza huharibu zaidi kuliko ile iliyobaki na vipimo vyake. Cha kwanza cha kuangalia ni nani yupo karibu nanyi mwenye maarifa hayo, na kama ana sababu yoyote ya kuwaamini. Mtaala, muda na fedha hufuata nyuma.

Ili tusizungumze kwa jumla jumla, tuchukue mto mmoja. Unapita karibu na shule, maji yake yamechafuka, na darasa la wanafunzi wa miaka 12 au 13 linatakiwa kujifunza kitu pale.

Mpango wenye bendera

Mpango unaojulikana zaidi wa aina hii ni Eco-Schools, ulioanza Ulaya mwaka 1994 na unaosimamiwa na Foundation for Environmental Education. Una hatua saba: kamati ambamo wanafunzi wana sauti, ukaguzi wa mazingira ya shule, mpango kazi, ufuatiliaji, kuingiza mambo hayo katika masomo, kushirikisha jamii, na kanuni ambayo shule imejitungia yenyewe. Shule ikifikia viwango hupewa Bendera ya Kijani.

Uzuri wake ni kwamba unaweza kuanza wiki ijayo. Mwalimu wa lugha au wa hesabu anaweza kuuongoza bila kuogopa kuulizwa swali la kemia. Wanafunzi wadogo wanaupenda kwa sababu wanaona matokeo ya kazi ya mikono yao, na mkuu wa shule anapata kitu cha kuonyesha wazazi.

Kwenye mto wetu, kamati itaokota taka, itachora mabango na kuhesabu magunia yaliyojaa. Mvua ikinyesha, taka zinarudi. Swali la nani anachafua maji huko juu, na kwa nini anaruhusiwa, halina mahali pa kukaa katika mpango huu isipokuwa mwalimu aliingize kwa nguvu. Tuwe waadilifu: hatua ya ukaguzi, ikichukuliwa kwa uzito, inaweza kuwafikisha wanafunzi huko. Kwa kawaida haifiki, maana kinachosukuma kazi ni kile kinachopigika picha. Mwaka unaisha na mwanafunzi anaamini kwamba uendelevu ni jina jipya la usafi.

Takwimu na mifumo

Hapa mwanafunzi anaingia majini. Anageuza jiwe, anasukasuka changarawe mbele ya wavu, kisha anamwaga alichonasa kwenye trei nyeupe. Kuna vibuu vya wadudu ambavyo haviwezi kuishi maji yakipungukiwa na oksijeni, na kuna vingine, kama vile vyekundu vya visubi, vinavyovumilia hali hiyo kwa sababu vina hemoglobini inayovisaidia kushika hata oksijeni kidogo. Trei yenye vyekundu vitupu na hakuna aina nyingine inaeleza habari ya mto huo kabla hata kipimo cha nitrati (kemikali inayotokana na mbolea na maji taka) hakijatolewa kwenye kisanduku. Mtoto aliyekwisha kuona hivyo kwa macho yake hahitaji kuambiwa kwamba maji yanayoonekana safi yanaweza kuwa mabovu.

Njia hii pia inafundisha jambo ambalo mabango hayafundishi, nalo ni tabia ya mifumo. Kuna mchezo rahisi wa darasani. Weka kokoto kwenye bakuli, kila kundi la wanafunzi wanne na bakuli lake. Kokoto ni samaki. Kila mzunguko kila mmoja anachota anavyotaka, na waliobaki wanaongezeka maradufu. Mzunguko wa kwanza chezeni kimya, bila kuzungumza. Mabakuli mengi hukauka upesi. Kisha waruhusu waongee na wajiwekee kanuni, halafu rudieni.

Mchezo huo unabeba mjadala mzima wa karne iliyopita. Mwaka 1968 Garrett Hardin aliandika makala mashuhuri akidai kwamba mali ya pamoja lazima itaishia kuharibiwa, kila mtu akivutia upande wake. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alikusanya mifano ya misitu, malisho, mifereji na maeneo ya uvuvi ambako watu wa kawaida walitunza mali ya pamoja kwa muda mrefu kwa kanuni walizojiwekea na kuzisimamia wenyewe. Wanafunzi wanaoruhusiwa kuongea katika raundi ya pili wanagundua upande wa Ostrom bila kusoma ukurasa hata mmoja.

Pia njia hii ndiyo inayokubaliana zaidi na mtihani, na mwalimu aliyebanwa na mhutasari asione aibu kulisema hilo.

Udhaifu wake ni wa aina mbili. Kwanza, kumbukumbu zake ni fupi. Darasa likipima mto kwa muhula mmoja, linajua muhula mmoja. Kwamba zamani mto ulikuwa na mabwawa yenye kina, kwamba samaki fulani walipanda mwezi fulani, kwamba chanzo cha maji kilihama, hayo hayapo kwenye jedwali la darasa. Pili, takwimu zinamwambia mwanafunzi hali ya mto ilivyo na hazimwambii kwa nini aujali. Wapo wanaomaliza mada ya mabadiliko ya tabianchi wakiwa na grafu sahihi na hofu kubwa, na hakuna aliyewaonyesha jinsi watu wanavyoishi wakiwa na wajibu kwa mahali.

Kujifunza kwa jamii asilia

Watetezi wa njia hii mara nyingi huitetea kwa heshima na haki, na ni sawa. Mimi ningeanza na usahihi, maana hapo ndipo wenye mashaka husikiliza.

Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliamua kusimamisha uwindaji wa nyangumi wa Aktiki uliofanywa na wenyeji wa Alaska, kwa kuamini kwamba wamebaki wachache mno. Makadirio ya wakati huo yalikuwa chini ya 2,000. Waliohesabu walisimama ukingoni mwa barafu na kuhesabu waliopita kwenye maji yaliyo wazi. Wawindaji wa Iñupiat walipinga: nyangumi hao hupita pia chini ya barafu, huvunja barafu nyembamba kwa kichwa ili kuvuta pumzi, na wengine husafiri mbali na ukingo. Wanasayansi walikubali kulijaribu dai hilo. Wakatega maikrofoni chini ya maji na kuhesabu kwa ndege. Katika miaka ya 1980 makadirio yalipanda hadi zaidi ya 7,000. Wawindaji walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo, kwa sababu maisha yao yalitegemea kujua nyangumi yuko wapi.

Mfano wa pili ni moto. Katika Arnhem Land, kaskazini mwa Australia, Waaborijini, yaani jamii asilia za nchi hiyo, walikuwa wakichoma nyasi mwanzoni mwa msimu wa ukame, zingali na unyevunyevu, vipande vipande, kwa moto mdogo unaojizimikia. Katika karne ya 20 watu wengi waliondoka katika ardhi hizo, na palipoachwa bila watu mioto mikubwa ya mwishoni mwa ukame ikatawala. Mwaka 2006 ulianza mradi ambao askari wa ardhi wa Kiaborijini walirudisha uchomaji wa mapema, na kampuni ya gesi ya Darwin ikaugharamia kwa lengo la kupunguza gesi joto zenye uzito sawa na tani 100,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba moto ni adui wa mazingira, basi, atahitaji muda kulitafakari hili. Mpe huo muda.

Lakini ukiichukua njia hii kama ghala la taarifa sahihi tu, umeikosa. Tofauti yake kubwa na takwimu ni mahali inapomweka mtu. Watu wa Whanganui nchini New Zealand wana usemi kwamba wao ndio mto na mto ndio wao, na mwaka 2017 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria inayoutambua Mto Whanganui kuwa na hadhi ya mtu kisheria, wenye wawakilishi wa kuusemea. Rudi kwenye mto wetu na uone swali linavyogeuka. Njia ya takwimu inauliza mto una nitrati kiasi gani. Njia hii inauliza mto unatudai nini. Watoto wa miaka 12 hulijibu swali hilo la pili kwa uzito unaowashangaza watu wazima.

Ufundishaji nao hubadilika. Katika magharibi ya New South Wales, jimbo la Australia, waelimishaji wa Kiaborijini na wenzao walitengeneza mfumo uitwao 8 Ways, unaofundisha kwa hadithi, ramani, alama, kazi za mikono zisizo na maneno mengi na uhusiano na ardhi, kwa somo lolote lile. Alaska walifika mbali zaidi. Viwango vilivyotungwa na waelimishaji wenyeji mwaka 1998 havikuishia kwa wanafunzi. Vilimpima mwalimu, mtaala, shule na jamii pia. Shule inajiuliza yenyewe kama inastahili kukabidhiwa maarifa. Ukaguzi wa aina hiyo siujui katika mpango wowote wa bendera.

Sasa hatari zake, na ni nyingi.

Kubwa kuliko zote ni pambo. Somo la sayansi linabaki lilivyokuwa, kisha mwanzoni inabandikwa hadithi ya kale ya “watu wa asili” wasio na jina, wasio na mahali, na wanaosimuliwa kwa wakati uliopita kana kwamba wamekwisha. Kama huwezi kutaja ni jamii gani, inaishi wapi na leo inafanya nini, ondoa hadithi hiyo kwenye andalio la somo.

Nyingine ni ruhusa. Si kila maarifa ni ya kila mtu. Kuna hadithi za msimu fulani, mimea isiyoonyeshwa wageni, mambo ya wanawake na ya wanaume. Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Jamii Asilia la mwaka 2007, katika ibara ya 31, linasema jamii hizo zina haki ya kudhibiti na kulinda maarifa yao. (Nchi nne zilizopiga kura ya kulikataa siku hiyo zilikuwa Australia, Canada, New Zealand na Marekani. Ndizo hizo hizo ambazo mitaala yake tunaisifia hapa. Zote ziliunga mkono azimio hilo baadaye, kati ya 2009 na 2010.) Kwa mwalimu maana yake ni rahisi: usirekodi, usipige chapa, usiweke mtandaoni kabla ya kuuliza, na jibu la hapana lipokee kama lilivyo.

Mwisho, muda na malipo. Mzee anayekuja kufundisha anafanya kazi. Shule inayomlipa mtaalamu wa kompyuta na kumpa mzee soda na cheti imeshawafundisha wanafunzi ni maarifa ya nani yana thamani.

Macho mawili

Mwaka 2004 Albert Marshall, mzee wa watu wa Mi'kmaq huko Cape Breton, Canada, alileta wazo la Etuaptmumk: kujifunza kuona kwa jicho moja ubora wa maarifa ya jamii asilia, na kwa jicho la pili ubora wa maarifa ya kimagharibi, kisha kutumia macho yote mawili kwa faida ya wote. Yeye na mkewe Murdena walilikuza wazo hilo pamoja na mwanabiolojia Cheryl Bartlett katika Chuo Kikuu cha Cape Breton.

Kwenye mto wetu, darasa linatundika karatasi ndefu ukutani. Juu ya mstari kuna vipimo vya muhula huu na takwimu zozote za mamlaka ya maji. Chini ya mstari kuna yale ambayo wazee wamekubali yasimuliwe: mto ulikuwa na nini, ulibadilika lini, kanuni zipi ziliacha kufuatwa. Kisha wanafunzi wanatafuta palipo na mapatano na palipo na ugomvi. Hapo penye ugomvi ndipo penye somo. Kama wazee wanasema samaki walitoweka ujenzi fulani ulipoanza, na takwimu zinaonyesha miaka mingine, msiharakishe kuamua. Labda vipimo vilichukuliwa mahali pengine. Labda kumbukumbu imesogeza mwaka. Labda ni samaki wa aina mbili. Kesi ya nyangumi ilianza na ugomvi kama huo, na uliisha vizuri kwa sababu kuna waliokubali kulijaribu dai la wengine badala ya kulipuuza.

Watu makini hawakubaliani kuhusu mipaka ya njia hii. Mwaka 2021 maprofesa saba wa Chuo Kikuu cha Auckland waliandika barua katika jarida wakipinga maarifa ya Wamaori, jamii asilia ya New Zealand, kupewa hadhi sawa na sayansi katika mtaala wa shule, na barua hiyo ikazua mabishano makali nchini New Zealand. Maoni yangu ni kwamba swali la “je, hii ni sayansi?” linapoteza muda wa darasa. Dai kuhusu kinachotokea, kwa mfano samaki wanapita lini au moto wa aina gani unatulia wenyewe, linaweza kujaribiwa, na wenye maarifa hayo wamekuwa wakilijaribu kwa karne nyingi. Wajibu kwa mto haupimwi kwa kipimo cha asidi, na hauhitaji kupimwa hivyo ili uwe na maana. Waambie wanafunzi waziwazi mnapozungumzia la kwanza na mnapozungumzia la pili. Wanaelewa.

Gharama ya macho mawili ni kwamba yanahitaji walimu wawili, kwa maana halisi ya neno. Mwalimu wa sayansi akijaribu kuwa macho yote mawili peke yake, jicho la pili huwa la kuchora.

Upi uchague

Kama una muhula mmoja, darasa la watoto wadogo na hakuna mwenzako anayekuunga mkono, chukua mpango wa hatua saba, lakini ukaze hatua ya ukaguzi. Wapeleke juu ya mto, si kwenye geti la shule tu. Bendera ikija, sawa, isipokuja hamjapoteza.

Kama mtihani ndio unaotawala shule yenu, chukua takwimu na mifumo, na usiache mchezo wa kokoto. Ongeza mfano wa nyangumi na wa moto kama mifano kamili yenye majina, miaka na mahali. Huko si kufundisha kwa jicho la jamii asilia. Ni kufundisha kuhusu jamii hizo kwa ukweli, jambo ambalo lina thamani yake mradi usilipe jina lisilo lake.

Kama shule iko kwenye ardhi ya jamii asilia, au wanafunzi wenyewe ni watoto wa jamii hiyo, nisingeanza na njia nyingine zaidi ya ile ya tatu. Kumfundisha mtoto uendelevu kwa vitabu vya mbali wakati bibi yake anaujua mto kuliko mwandishi wa kitabu ni kumwambia kwamba bibi hajui kitu.

Na kama shule iko jijini, wanafunzi wametoka pande zote na hakuna jamii asilia inayofikika? Hapa wengi hukata tamaa mapema. Mtaala wa Australia una vipaumbele vitatu vinavyopita katika masomo yote: historia na tamaduni za Waaborijini na watu wa Visiwa vya Torres Strait, uhusiano na Asia, na uendelevu. Kuviweka pamoja kunafungua mlango wa kufundisha uendelevu kwa mitazamo ya tamaduni mbalimbali: wavuvi, wakulima, wahamiaji, watu wa dini mbalimbali na wazoa taka nao wana mitazamo iliyokomaa kuhusu kutumia bila kumaliza. Walete kwa heshima ile ile, walipe, uliza ruhusa. Ila ujuzi wao usiuite maarifa asilia, kwa sababu mtu aliyevua miaka 40 ana ujuzi mkubwa, lakini hana madai yale yale juu ya mahali ambayo watu walionyang'anywa ardhi wanayo.

Macho mawili yawe lengo la mwaka wa pili au wa tatu, baada ya uhusiano kujengeka. Ziara ya kwanza kwa wazee isiwe ya kuomba somo. Nendeni kuuliza wao wangependa shule ifanye nini kuhusu mto, kisha mfanye jambo moja kati ya waliyoyasema, kabla ya kurudi na ombi lenu. Ikiwa watasema hawataki kushirikiana na shule kwa sasa, endeleeni kupima maji kwa uangalifu na mtunze kumbukumbu zote kwa tarehe na mahali, ili siku watakapobadili mawazo muwe na kitu cha kuwaletea na ninyi.